Kalibu ya Pete za Hema

Machi 4

Kuta za chumba zinatoka jasho. Mvua haijanyesha, bomba halijapasuka, lakini asubuhi nimefuta ukuta kwa taulo na nilipomaliza chai ukuta ulikuwa umelowa tena. Nadège, mwenyeji wangu huku, anasema ni upepo wa kusini, kila mwaka majira haya Guangzhou huwa hivi, na kwamba viatu vyangu vya ngozi nivisahau. Nimevitazama. Vimeota ndevu nzuri kuliko zangu.

Daftari hili kanipa dada yangu Elinami pale uwanja wa ndege. Akasema, "Medard, habari ikilala kwako siku moja, asubuhi imeshazaa mapacha. Andika siku ile ile." Basi naandika.

Machi 5

Nieleze nilichofuata huku, asije akasoma mtu akadhani natalii. Elinami ana karakana Moshi, anashona mahema ya wapagazi wa Kilimanjaro. Si yale ya wageni. Ni ya wale wanaobeba mizigo ya wageni. Kwenye pindo za hema kuna pete za shaba ambamo kamba hupita. Kila pete ina shingo. Shingo hupenyezwa kwenye tundu la kitambaa, kisha hukunjwa nje ikikumbatie, kama mdomo wa sufuria ulivyokunjwa. Cha kuikunjia ni kalibu: vyuma viwili, dume na jike, vinavyobanwa kwa mashine ya mkono. Sisi tulikuwa na kalibu ya dukani na nyundo. Shingo ikikunjwa vibaya hupasuka kama ua la boga, na ncha zake zinakitafuna kitambaa taratibu bila mtu kujua.

Mwaka jana, kambi ya juu kabisa, upepo uling'oa pete za upande mzima wa hema. Ndani alikuwamo shemeji Godson, mume wa Elinami, mpagazi tangu hajaoa. Alishuka na vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi, hospitali wakavikata. Yeye hakulalamika. Mkewe ndiye aliyekosa usingizi. Alizima mashine zote za karakana akasema hema jingine halitoki mlangoni kwake mpaka apate pete isiyong'oka. Ila Julai wageni watakuja, na wapagazi watapanda na mahema mapya au na yale ya zamani. Godson naye atapanda. Ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike ale nini.

Ndiyo maana nipo hapa, mtu mzima mwenye kitambi, natafuta vyuma viwili.

Machi 9

Guangyuan Xilu, tangu asubuhi. Nilidhani nimeshaona soko. Majengo yamepangana, kila moja lina maduka kama nyuki walivyo na vyumba, na wapagazi wa huku wanavuta marobota yanayowazidi kimo. Nimesimama nikawapisha kwa heshima. Mtu anayebeba namjua popote. Vya kubania pete vipo hadi kwenye ndoo. Nimenunua vya kila duka, vyote vinang'aa kama meno ya bwana harusi.

Machi 12

Mvua. Nimekula tambi. Zimenishinda kwa vijiti, nimeomba kijiko, mwenye mgahawa amenipa cha mtoto.

Machi 17

Nimtambulishe Nadège, maana atajaa humu ndani nipende nisipende. Ni mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Lubumbashi, ana ofisi kwenye jengo la Tianxiu, ghorofa za juu, na amenipa kona ya meza yake kwa sababu tulisali kanisa moja Jumapili ya kwanza. Anaongea kama redio iliyong'oka kitufe. Wiki hizi nimemvumilia kama ninavyovumilia ukuta.

Leo tumefunga mashine ndogo ya mkono kwenye kona hiyo tukajaribu kalibu zote za Guangyuan. Zote zimepasua pete. Nyingine zimepasua mahali pamoja, nyingine zimetoa ua kamili na petali zake. Nadège aliziweka mezani moja moja kama anayepanga maiti.

"Papa Medard," akasema, "weye unachagula chuma sawa vile banaume bote banachagula bibi. Kwa sura."

Mke wangu, nikimsimulia hili, atamwalika Nadège chakula.

Machi 26

Nimeanza kuona. Ukimulika kwa tochi ya simu ndani ya ule mfereji wa kalibu, mahali ambapo shingo ya pete huteleza ikajikunja, utaona mistari myembamba ya mashine iliyouchonga. Nje wamepaka mng'ao, ndani wameacha mistari. Shaba ikifika kwenye mstari inajikwaa. Ikijikwaa, inapasuka. Nimekuwa nikinunua viatu kwa kutazama kiwi.

Aprili 2

Leo naandika mengi, mkono uniwie radhi.

Nadège alikuwa anakwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa vyake, akaniambia nyuma ya soko kuna mzee anachonga kalibu kwa ajili ya washona mikoba. Tumepita vichochoro ambamo pikipiki za magurudumu matatu zinabeba majora kama magogo, dereva haonekani, unaona tu majora yanakuja yanapiga honi. Duka lenyewe ni jembamba kama korido. Mwenyewe anaitwa Liang. Ni mzee aliyepaka nywele rangi nyeusi ya kutisha, na ukutani ametundika picha zake akiwa na wateja, na katika kila picha aliyeko katikati ni yeye. Kabla sijaketi alishaniambia kwamba Guangzhou nzima hakuna mwingine. Nadège alitafsiri, Kichina chake ni cha kugombana sokoni na kinafaa sana.

Nikasema: laoban, ndivyo huku wanavyomwita mwenye duka, niuzie kalibu nzuri kuliko zote.

"Bu xing," akasema, haiwezekani. Maelezo yakafuata marefu, na Nadège akayafupisha: kalibu nzuri haipo. Ipo inayofaa pete fulani kwenye kitambaa fulani. Pete yako iko wapi? Kitambaa chako kiko wapi?

Pete nilikuwa nazo. Kitambaa nilikuwa nimekiacha Moshi. Nimevuka bahari kutafuta kiatu na mguu nimeuacha nyumbani. Liang alicheka hadi mkewe akatoka nyuma kuona nani amekuja, akaelezwa, naye akacheka, kwa adabu zaidi.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka sasa silielewi vizuri. Akachukua kalibu ya mteja wake mwingine, jike akalisimamisha mezani, dume akalishika juu yake kwa vidole viwili na kuliachia. Nilitegemea kusikia chuma kikigonga chuma. Halikuanguka. Lilishuka polepole kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Vyuma vile vimekaribiana kiasi kwamba hewa iliyo katikati haina pa kutokea, inatoka kwa foleni, na dume linakaa juu ya hewa ile likisubiri. Likafika chini bila sauti.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Nadège aliinama hadi pua ikakaribia meza.

Nimerudi kwa metro nikiwa nimeshika bomba la kujishikia, nikafikiri kwamba katika maisha yangu yote nimeona vitu vikikaribiana, sijawahi kuona vikikutana.

Aprili 3

Nimempigia Elinami anitumie kitambaa. Nimemweleza kuhusu chuma kinachoshuka juu ya hewa. Akaniuliza kama nimeanza kunywa.

Aprili 14

Mvua. Mvua. Saa sita mchana giza, na ngurumo inayofanya madirisha ya Tianxiu yatetemeke.

Aprili 21

Kitambaa kimefika, amekileta Mwanakhamis, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Tanga aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko mafupi. Amekileta mkobani kama kanga ya mama mzazi na hakutaka hata asante. Nimekipeleka kwa Liang. Alikinusa. Naapa, alikinusa. Kisha akakipima unene, akapima pete, akasema shaba yangu ni ngumu mno, kalibu peke yake haitatosha. Akaipitisha pete moja kwenye moto wa gesi mpaka ikageuka rangi: kwanza kama chungwa bivu, kisha zambarau, kisha rangi nisiyoijua jina katika lugha yoyote. Akaiacha ipoe. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikakubali. Shaba ile ile, imesahau ubishi wake. Akasema kila pete ipite motoni hivyo kabla ya kubanwa, na hilo nimemwandikia Elinami.

Kuichonga kalibu, anasema, ni mwezi mzima. Nadège alitaka kumharakisha, nikamzuia. Nilishangaa kujiona namzuia mtu kuharakisha.

Mei 6

Nadège kanipikia uji, nina mafua. Ameweka tangawizi ya kutosha kufufua. Alinisimulia kuhusu mumewe aliyefariki na jinsi alivyokuja Guangzhou mara ya kwanza bila kujua neno hata moja, akaonyesha bei kwa vidole. Alisimulia taratibu, na kumbe anaweza kunyamaza katikati ya sentensi.

Mei 24

Kalibu iko tayari.

Liang alivaa shati jeupe. Aliibana pete ya kwanza mbele yangu kwenye kitambaa cha Elinami, na shingo ilijikunja kote sawasawa, laini kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Nikapitisha ukucha kuzunguka. Ukucha haukukuta pa kusimama. Tukabana nyingine na nyingine, zote zikatoka hivyo hivyo. Nilimshika mzee mkono nikashindwa kuuachia. Mkewe akapiga picha. Katikati ni yeye Liang.

Tumeirudisha Tianxiu imefungwa kwenye karatasi. Nadège akanikumbusha kuweka alama, hata kama atakayeibeba ni Mwanakhamis. Ndiyo desturi ya jengo zima: hakuna anayempa wakala wa mizigo kitu kisicho na alama yake, maana mzigo ukilala ghalani unaweza kuondoka mzima na kufika Dar au Lubumbashi ukiwa ndugu yake mdogo. Wengine hushona uzi mwekundu, wengine hupaka rangi ya kucha. Chuma huwezi kukishona. Nikaazima kwa fundi wa simu wa chini kile kikalamu cha umeme cha kuchorea, nikaandika herufi M, ndogo, nzuri, kwenye kitako cha jike, mahali ambapo hakuna atakayeona. Nadège alisifia mwandiko.

Mei 26

Siku mbaya. Niiandike yote, Elinami alitaka kweli.

Asubuhi nilitaka kumtumia picha. Nikafunga kalibu kwenye mashine ya ofisini, nikabana pete. Ikapasuka upande mmoja. Nikabana nyingine: ikapasuka upande ule ule. Nadège akasema kwa sauti ya chini kile nilichokuwa nakifikiri: wakati anafunga kwenye karatasi, mzee alibadilisha. Ametuonyesha nzuri, ametupa mwenzake.

Tukaenda Zhongda tukinyeshewa. Dukani palikuwa na wateja, washona mikoba watatu au wanne. Sikungoja. Nikaiweka kalibu mezani, nikasema mbele yao kwamba nilimwamini, na yeye amenibadilishia. Nadège alitafsiri yote, na nadhani aliongeza chumvi.

Uso wa Liang ulijifunga kama dirisha. Alifungua kopo la rangi ya buluu nzito, akapaka safu nyembamba sana juu ya kipande cha bamba lililonyooka, akaliweka jike juu yake, kitako chini, akalisogeza kidogo na kuliinua. Akaligeuza ili sisi sote tuone.

Kitako chote kilitakiwa kuwa buluu. Kilikuwa kikavu, cheupe, isipokuwa mahali pamoja. Mahali pale palikuwa na herufi M, ya buluu, yenye mwandiko mzuri.

Kile kikalamu hakichimbi tu, kinainua kingo. Kingo nyembamba kuliko unywele, sijui kama zina jina. Na juu ya kingo zile kalibu nzima ilikuwa imeegemea, imeinama upande, na pete zikapasuka upande huo. Wateja walichungulia. Mmoja akasoma herufi kwa sauti.

Mzee akaifuta kalibu, akaiweka kwenye droo yake, akafunga droo. Akasema kitu kifupi. Sikuhitaji Nadège.

Tulitoka. Tulitembea hadi metro ndani ya mvua nzito.

Mei 27

Nimekwenda. Amefunga geti la chuma nilipokaribia.

Mei 28

Hivyo hivyo. Mkewe alinipungia mkono kwa ndani, niondoke.

Mei 31

Sikukuu ya mashua zao. Mji mzima unakula wali uliofungwa kwenye majani, na sisi hatuna habari. Mvua hii wanaiita ya mashua. Mwanakhamis anasafiri Juni 6, alikuwa achukue kalibu mkobani. Baada ya hapo sina mtu, na mzigo wa meli utafika wapagazi wameshapanda. Elinami amepiga. Nilimweleza. Nilitegemea kelele. Badala yake akaniuliza, "Huyo mzee umemwomba msamaha, au umekwenda kumdai chuma?"

Nimelala na swali hilo.

Juni 2

Nilikuwa nasubiri lifti pale Tianxiu, nimesimama hapo kila siku tangu Machi. Kando ya mlango wa lifti kuna chungu kikubwa cha mmea, na leo ndiyo nimeuona. Ni isale. Isale lenyewe, lenye mstari wa njano katikati ya jani, lile tunalopanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee, lile ambalo Mchaga akikuletea limefungwa fundo anakuomba msamaha, na hata kama amekuchomea nyumba huwezi kumfukuza. Nimezunguka mtaa. Liko benki. Liko kwenye duka la dawa. Liko kwenye saluni, limevalishwa utepe mwekundu. Mji huu wa mamilioni umepanda jani la msamaha kila mlango na haujui. Nilisimama katikati ya njia kama mtu aliyepigwa na radi, mpaka mwenye baiskeli akanitukana.

Juni 3

Nimemwomba mlinzi wa jengo jani moja. Nilidhani atakataa, alinikatia na mkasi. Nikalifunga fundo kama nilivyomwona baba yangu akilifunga.

Nadège alitaka kuja. Nikamwambia kosa ni langu, M ni yangu. Akasema wazo la alama ni lake na chumvi ya siku ile ni yake, kwa hiyo sisi ni kampuni.

Geti lilikuwa wazi nusu. Nilisimama nje, nikalinyoosha jani kwa mikono miwili. Liang alitazama jani, akanitazama mimi, akamtazama Nadège. Nikaeleza: kwetu mlimani mtu aliyekosa hana la kusema, jani ndilo linasema. Sikuja kuchukua kalibu. Ikibaki kwake, ni haki yake. Nimekuja kwa sababu nilimwita mwizi mbele ya watu, na hakuwa.

Nadège alitafsiri bila kuongeza hata neno. Najua, kwa sababu ilikuwa fupi.

Mzee alilipokea, akaligeuza. Akauliza kama si lile la kwenye vyungu. Nikasema ndilo. Akafikiri sana. Kisha akasema, na hapa namnukuu kama nilivyotafsiriwa: "Huku kwetu aliyekosa humimina chai."

Akasogeza birika. Nikamimina, kwa mikono yote miwili. Nadège naye akamimina. Liang alikaa akitazama vikombe mpaka nikaona mvuke unakata tamaa. Halafu akagonga meza kwa vidole viwili, polepole, mara mbili. Sikujua maana yake, nikamtazama Nadège. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Amekubali," akasema.

Wale washona mikoba walipita baadaye. Mzee aliwaita ndani, akanitaka niseme mbele yao niliyoyasema mlangoni. Nikasema. Sasa ilikuwa sawa.

Ndipo akatoa kalibu kwenye droo. Akachukua jiwe laini la kunolea, akalipaka mafuta, akakisugua kitako kwa mizunguko midogo, jicho moja limefumba. Akapaka buluu, akagusisha, akageuza. Kitako chote kilikuwa buluu, kote, kama mbingu ya Moshi asubuhi ya Januari. Herufi yangu ilibaki katikati, kijimfereji tu, haina tena kiburi cha kuinua kitu. Tukabana pete. Nikapitisha ukucha.

Jani amelichomeka kwenye glasi ya maji, chini ya picha zake. Amesema nipigwe picha nalo. Katikati aliniweka mimi.

Juni 6

Mwanakhamis ameondoka. Kalibu iko mkobani mwake.

Juni 8

Jua. Watu wametandika mablanketi hadi kwenye vyuma vya barabarani.

Juni 13

Elinami alipiga kwa video mchana wao. Nilikuwa ofisini na Nadège. Hakunisalimu, aligeuza simu nione. Amebana pete kwenye pembe ya hema, pembe nyingine ameifunga kwenye nguzo ya chuma, na kamba inayopita kwenye pete ameifunga nyuma ya trekta la jirani. Nikamwambia dada, hapana upepo duniani unaovuta kama trekta. Akamwashiria dereva.

Trekta likavuta. Kamba ikanyooka, hema likalia. Sijawahi kusikia kitambaa kikilia hivyo. Kisha kitambaa kikachanika katikati, mbali kabisa na pindo, na trekta likaruka mbele na kipande. Godson akalifuata akichechemea, akakiinua mbele ya kamera. Pete ilikuwa imekaa mahali pake, imeuma kitambaa, mviringo kama ilivyozaliwa. Nadège alinishika bega.

Elinami aliipokea pete, akapitisha ukucha kuzunguka, akarudia. Nikangoja aseme ameridhika.

"Trekta si mlima," akasema. "Jumatatu nawasha mashine. Hema la kwanza likiisha, naenda kulala ndani yake, kambi ile ile. Nimeshamwambia Godson atanibebea begi."

Nikadhani anatania. Dada yangu ana miaka hamsini na saba, hajawahi kupanda mlima ule hata hatua moja, anasema mlima ni wa kutazamwa ukiwa na chai. Nyuma yake Godson alikuwa ametazama chini akitabasamu kama kijana aliyekubaliwa posa.

Elinami akaniuliza kama mji huo una soksi nene za sufu. Nilete jozi zake, na za Godson, zisimbane.

Kesho natafuta soksi.